Kuacha Sigara Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudiwa na watu wanaojiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito, pamoja na waume, wake na watoto wao. Mengi huulizwa mwishoni kabisa mwa mazungumzo, mgonjwa akiwa ameshainuka na mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango: "Na hii sigara je, daktari?" Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee, na pale ambapo jibu limekwisha kutolewa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika. Majibu haya hayachukui nafasi ya maelekezo ya timu inayokuhudumia, kwa kuwa wao ndio wenye vipimo vyako mkononi.

## Mambo ya msingi

1. Nimekuja kwa sababu ya uzito. Kwa nini ninaulizwa habari za sigara?

Kwa sababu mafanikio ya upasuaji huu yanategemea kidonda cha ndani kupona bila kuvuja. Tumbo likikatwa na kufungwa kwa pini ndogo za chuma, au likiunganishwa upya na utumbo, kingo zilizofungwa hushikamana iwapo tu zinaletewa damu yenye oksijeni ya kutosha. Moshi wa sigara huvuruga jambo hilo kwa njia mbili kwa pamoja. Nikotini hubana mishipa midogo, hivyo damu inayofika kwenye kidonda hupungua. Na hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi huishika hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo hata hiyo damu kidogo inayofika huwa imebeba mzigo pungufu.

Yapo pia mapafu. Mtu mwenye uzito mkubwa akilazwa chali, tumbo husukuma kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kuelekea kifuani na mapafu hubaki na nafasi ndogo ya kutanuka. Mvutaji huingia katika hali hiyo akiwa tayari na makohozi mengi na njia za hewa zilizovimba, ndiyo maana nimonia humpata kwa urahisi zaidi baada ya dawa ya usingizi. Ukiongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ambayo ni tishio kubwa katika upasuaji wa aina hii hata kwa asiyevuta, utaelewa kwa nini swali la sigara huja mapema.

2. Je, sigara inaathiri aina zote za upasuaji kwa namna moja?

Hapana, na tofauti hii inafaa kueleweka vizuri. Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika ule ambao wengi huuita slivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika baipasi, hutengwa kijifuko cha juu cha tumbo chenye ujazo wa kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kisha huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Kwa aliyefanyiwa slivu, hofu kubwa ni ule mstari mrefu wa pini kuvuja katika wiki za kwanza, na baadaye kiungulia, ambacho sigara huzidisha kwa kulegeza mlango ulio kati ya koo la chakula na tumbo. Kwa aliyefanyiwa baipasi, hofu haina tarehe ya kwisha. Utumbo mwembamba haukuumbwa kukaa na asidi ya tumbo. Pale ulipounganishwa na kijifuko panaweza kuota kidonda mwezi wa tatu au mwaka wa tisa, na uvutaji ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kidonda hicho. Baadhi ya madaktari humshauri mvutaji achague slivu badala ya baipasi kwa sababu hiyo, ingawa ushauri huo haumaanishi kwamba mwenye slivu ameruhusiwa kuvuta.

3. Niache muda gani kabla ya upasuaji?

Mwongozo wa pamoja wa vyama vya wataalamu wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 unapendekeza mwaka mmoja ikiwezekana, na kwa uchache kabisa wiki 6. Hospitali nyingi hushika hizo wiki 6, nyingine hudai miezi 3. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba anayeacha wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji wowote hupunguza hatari ya matatizo, na kwamba kila wiki inayoongezeka baada ya hizo 4 huboresha matokeo kwa asilimia 19.

Ushauri wangu ni kwamba usihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya upasuaji. Hesabu kutoka siku ulipoamua kuufanya. Maandalizi yenyewe, yaani vipimo, mtaalamu wa lishe, mshauri wa kisaikolojia na fedha, huchukua miezi. Hiyo ndiyo miezi yako ya kuacha.

4. Mimi navuta tatu tu kwa siku, au za wikiendi tu. Nazo zinahesabika?

Zinahesabika. Anayenunua sigara moja moja dukani hujiona si mvutaji kwa kuwa hajawahi kumiliki pakiti, na fomu ya hospitali akaijaza "hapana" kwa moyo mweupe. Mishipa haihesabu pakiti. Kupunguza kutoka kumi hadi tatu ni hatua nzuri ya kuelekea kuacha, lakini kwa ajili ya upasuaji kinachotakiwa ni sifuri.

5. Na shisha, vepu, ugoro, kuberi, tambuu, bangi au miraa?

Shisha ni moshi kama moshi mwingine, na kwa upande wa kaboni monoksaidi huweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa juu yake panawaka mkaa na kikao kimoja huchukua karibu saa nzima. Maji yaliyomo kwenye chupa hupoza moshi bila kuondoa hewa hiyo. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016 na Kenya mwishoni mwa 2017, lakini kila aliyepita mtaani usiku anajua kwamba bado ipo, hivyo swali hili halijapitwa na wakati.

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, haina moshi wa kuungua, ila ina nikotini, wakati mwingine nyingi. Ugoro, kuberi na tambuu iliyotiwa tumbaku vina hali hiyohiyo: hakuna kaboni monoksaidi, lakini nikotini huingia damuni kupitia fizi na kubana mishipa ileile. Akina mama wa Pwani wanaokula tambuu tangu ujana huulizwa "Unavuta?" na hujibu hapana, na jibu lao ni la kweli. Swali ndilo lililokosewa, linapaswa kuwa "Unatumia tumbaku kwa njia yoyote?"

Bangi huleta moshi uleule na zaidi ya hapo huathiri kiasi cha dawa ya usingizi kinachohitajika, kwa hiyo daktari wa usingizi lazima aambiwe. Miraa huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na wengi huitafuna wakiwa na sigara mkononi. Ukiachana na sigara huku ukiendelea kukaa kwenye kikao cha miraa, umejiwekea mtego mwenyewe.

## Kabla ya upasuaji

6. Nimesikia kwamba kuacha karibu na upasuaji ni hatari zaidi kuliko kuendelea. Ni kweli?

Dhana hii ilitokana na tafiti ndogo za miaka ya 1980 zilizohisi kwamba anayeacha wiki chache kabla hupata makohozi mengi na hivyo matatizo ya kifua. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi baadaye haukuthibitisha hofu hiyo. Ni kweli kwamba baadhi ya watu hukohoa zaidi katika wiki za mwanzo, na ni kweli kwamba wiki moja haileti faida ya wiki 6, lakini hakuna siku ambayo kuvuta kunakuwa salama kuliko kutovuta.

7. Watanipima? Kipimo kinaona nyuma kiasi gani?

Hospitali nyingi hupima, na vipimo ni vya aina mbili. Cha kwanza ni kifaa cha kupuliza: unavuta pumzi, unaizuia kwa sekunde kama 15, kisha unapuliza polepole mpaka mapafu yaishe hewa, na namba inajitokeza kwenye kioo. Kifaa hiki hupima kaboni monoksaidi, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 6, hivyo huona zaidi uvutaji wa siku hiyo au ya jana yake. Ikiwa asubuhi hiyo ulipika kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha, sema kabla ya kupuliza, maana namba inaweza kupanda bila wewe kugusa sigara.

Cha pili hupima kotinini kwenye mkojo, damu au mate. Kotinini ni kile kinachopatikana mwili unapoigeuza nikotini, na hudumu muda mrefu kuliko nikotini yenyewe. Huonekana kwa siku kadhaa, na kwa mvutaji mzito hata zaidi ya wiki. Kipimo hiki hakitofautishi nikotini ya sigara na ile ya bandiko la dawa. Kama unatumia bandiko, hakikisha limeandikwa kwenye faili lako kabla hujatoa mkojo. Kipo kipimo kingine cha anabasini, kemikali iliyomo kwenye tumbaku na isiyomo kwenye bandiko, ambacho hutumiwa pale panapokuwa na ubishi, ingawa hakipatikani kila maabara.

8. Je, ninaruhusiwa kutumia mabandiko, bigijii au pipi za nikotini?

Hapa madaktari hawakubaliani wote, na ni haki yako kulijua hilo. Baadhi ya wapasuaji hawataki nikotini ya aina yoyote katika wiki za mwisho kwa sababu ya ile hoja ya kubana mishipa iliyo katika swali la 1. Wengine husema, na mimi naegemea upande wao, kwamba bandiko halina kaboni monoksaidi wala lami, nikotini yake huingia polepole, na mtu anayelitumia yuko mbali na kibiriti kuliko aliyenyimwa kila kitu. Uamuzi wa mwisho ni wa mpasuaji wako. Muulize mapema, wiki ya mwisho haifai kuwa ya kuanza mjadala.

Kuhusu namna ya kutumia: bandiko hubandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku mahali tofauti. Bigijii ya nikotini haitafunwi mfululizo kama ile ya kawaida. Hutafunwa kidogo mpaka ukali ujitokeze, kisha hutulizwa kati ya shavu na fizi. Baada ya upasuaji bigijii haifai katika miezi ya mwanzo, kwa sababu ya hewa inayomezwa na hatari ya kuimeza yenyewe.

9. Vipi kuhusu vidonge vya kuacha sigara?

Viwili vinajulikana zaidi, vareniklini na bupropioni, na vyote viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Vareniklini huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha na kwa kawaida hutumika kwa wiki 12. Kero yake kubwa ni kichefuchefu, jambo ambalo mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo halihitaji. Bupropioni huanzwa wiki moja hadi mbili kabla. Haifai kwa aliyewahi kupata kifafa wala kwa mwenye maradhi ya ulaji kama ya kula kupindukia na kujitapisha, na hili la pili ni muhimu kuulizwa katika kliniki ya uzito. Zaidi ya hayo, vidonge vyake vingi ni vya kuyeyuka polepole, havipaswi kusagwa, na baada ya baipasi vinaweza kufyonzwa isivyotarajiwa.

Kwa sababu hizo dawa hizi ni za kuanza mapema, ili ifikapo siku ya upasuaji kazi yake kubwa iwe imekwisha. Hupatikana kwa shida katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki, kwa hiyo muulize daktari dawa ipi inapatikana kabla hajakuandikia isiyopatikana.

10. Nikiacha sigara si nitanenepa, tena wakati ninaotakiwa kupungua?

Hili ndilo swali linalowarudisha wengi nyuma, na halistahili kujibiwa kwa kulipuuza. Ni kweli kwamba nikotini hupunguza hamu ya kula na huongeza kidogo nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Anayeacha huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Sasa pima kilo hizo na upasuaji wenyewe. Mtu mwenye kilo 130 aliyefanyiwa slivu au baipasi kwa kawaida hupoteza kati ya robo na karibu theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 32 hadi 40. Na kwa jumla, wanaoendelea kuvuta hawapungui kuliko wasiovuta kwa kiasi chenye maana.

Lililo la kuangalia zaidi ni ratiba. Katika wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji, hospitali nyingi humtaka mgonjwa ale mlo mdogo wa majimaji ili ini lisinyae na kumpa mpasuaji nafasi. Ni siku ngumu: supu, maziwa, unga wa protini, na nyumba nzima inanukia pilau. Anayechagua kuacha sigara siku hiyohiyo anayoanza mlo huo amejitwika njaa mbili, na kwa kawaida mojawapo humshinda. Acha sigara angalau mwezi mmoja kabla ya mlo huo kuanza.

Tahadhari nyingine: baadhi ya hospitali hutaka usiongezeke uzito wakati wa maandalizi. Mwambie mtaalamu wa lishe siku uliyoacha, aiandike, ili kilo mbili za mwezi huo zisisomwe kama uzembe.

11. Siku za kwanza zitakuwaje?

Ukali wake hufika kileleni ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo na hulegea katika wiki 2 hadi 4. Utakuwa na hasira za karibu, usingizi utakatikakatika, choo kinaweza kuwa kigumu, na akili haitatulia. Hamu yenyewe huja kama wimbi la dakika chache, ambalo ukilisubiri hupita. Maji ya baridi, mswaki, au kutoka tu nje ya chumba mara nyingi hutosha kuzivusha dakika hizo.

Kahawa inastahili kutajwa peke yake. Moshi wa sigara huchochea ini kusafisha kafeini haraka. Ukiacha, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kiwango chake kwenye damu kinaweza kufika karibu mara mbili. Mtu aliyezoea vikombe vinne vya kahawa chungu kibarazani huanza kutetemeka mikono, moyo humwenda mbio, usiku halali, naye huamini ni sigara inayomdai. Kumbe ni kahawa. Punguza vikombe kwa nusu tangu siku ya kwanza. Na ikiwa kibaraza chenyewe ndicho kilichokuwa mahali pa kuvutia, kunywa kahawa yako kwingine kwa mwezi huo.

12. Nimeteleza. Nimevuta wiki mbili kabla ya tarehe. Niseme au ninyamaze?

Sema. Ninajua kinachokufanya usite: umeshaomba likizo, umeshalipa, ndugu ameshasafiri kutoka mkoani kuja kukuuguza. Lakini upasuaji huu si wa dharura, na kuahirishwa kwa wiki 4 ni jambo dogo mbele ya mstari wa pini unaovuja, ambao unaweza kukurudisha chumba cha upasuaji na kukulaza kwa wiki kadhaa ukiwa na mirija. Kuteleza mara moja si lazima kuahirishe kila kitu; mpasuaji anaweza kukupima tena na kuendelea, anaweza kusogeza tarehe, lakini uamuzi huo autoe akijua ukweli.

13. Mume wangu anavuta ndani ya nyumba. Inanihusu?

Inakuhusu kwa njia mbili. Moshi wa kuvuta kwa mwenzako huingia pia mwilini mwako, ingawa kwa kawaida kiasi chake ni kidogo kuliko cha mvutaji. Kubwa zaidi ni pakiti iliyo mezani saa tatu usiku, siku yako ya tano ya kuacha. Kama hayuko tayari kuacha, akubali mambo matatu: avutie nje, pakiti ikae kwenye gari au kwenye mfuko wake, na asikupe hata ukimwomba.

## Hospitalini na wiki za mwanzo

14. Asubuhi ya upasuaji, nikivuta moja ya kutuliza woga?

Hapana, kwa sababu zilezile za swali la 1. Mwambie daktari wa usingizi kwamba una woga. Kwa hilo ana dawa.

15. Nikiwa wodini hamu ikinishika?

Watu wengi hushangaa kwamba siku mbili tatu za wodini ni rahisi kuliko walivyodhani, kwa kuwa kuna maumivu, usingizi, na wauguzi wanaomtaka mgonjwa ainuke atembee kila baada ya saa chache. Kutembea huko ni kinga ya damu kuganda, na pia huua hamu. Ikiwa mpasuaji amekubali bandiko, ulizia kabla hujalazwa kama famasi ya hospitali wanalo, au uje na lako lililoandikwa kwenye faili.

Hatari ipo siku unayorudi nyumbani. Kabla ya kwenda hospitali, mtu wa nyumbani atoe vibiriti, vibakuli vya majivu na pakiti zilizosahaulika kwenye mifuko ya makoti.

16. Ni baada ya muda gani ninaweza kuvuta tena?

Kwa aliyefanyiwa baipasi, hakuna muda huo. Kwa aliyefanyiwa slivu, mstari wa pini ukishapona hatari ya kuvuja hupungua sana, lakini kiungulia na vidonda hubaki, pamoja na maradhi ya kawaida ya sigara ambayo upasuaji hauyaondoi. Anayeuliza swali hili kabla ya upasuaji, na huulizwa mara nyingi, anasema kwa upole kwamba bado hajaacha bali ameahirisha. Ni vizuri kulisema hilo wazi kwa mshauri.

## Miezi na miaka baadaye

17. Kwa nini walioacha kwa ajili ya upasuaji hurudi?

Utafiti mmoja wa Marekani uliowafuatilia watu waliofanyiwa baipasi ulionyesha jambo la kusikitisha: mwaka mmoja kabla ya upasuaji wavutaji walikuwa takriban 14 katika kila 100, mwezi wa mwisho kabla yake walibaki 2, mwaka mmoja baadaye walikuwa karibu 10, na kufikia mwaka wa saba walikuwa wamerudi kwenye 14.

Sababu hazifichiki. Kipimo kilikuwa cha kabla, na baada ya hapo hakuna anayepima. Chakula, ambacho kwa wengi kilikuwa kitulizo, hakiingii tena zaidi ya vijiko vichache, na mkono hutafuta kitulizo kingine. Mwili uliopungua hualikwa sherehe ambazo zamani haukwenda. Na mwaka wa pili, uzito unapoacha kushuka, hujitokeza wazo kwamba sigara itazuia kilo zisirudi. Kama unaweza kuchagua wakati wa kuonana na mshauri, usimalize miadi yako yote kabla ya upasuaji. Bakiza ya mwezi wa sita na ya mwaka wa pili.

18. Nilifanyiwa baipasi miaka miwili iliyopita, nimerudi kuvuta, na sasa nina maumivu chini ya chembe cha moyo. Nifanye nini?

Nenda hospitali na useme mambo yote mawili, baipasi na sigara. Maumivu yanayozidi ukila, kichefuchefu, na hamu ya kula kupotea ni dalili za kidonda kwenye kiungo, yaani pale kijifuko kilipounganishwa na utumbo, na kipimo chake ni kamera ya kupitishwa mdomoni. Tiba huwa ni dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli kwa miezi kadhaa, kutafuta na kutibu bakteria wa H. pylori, ambaye huku kwetu ni wa kawaida mno, na kuacha sigara. Bila hilo la mwisho kidonda mara nyingi hakifungi, au hufunga na kurudi.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au maumivu makali ya ghafla yanayolifanya tumbo liwe gumu, usisubiri miadi: huenda kidonda kinavuja damu au kimetoboka. Nenda usiku huohuo.

19. Dawa za maumivu zina uhusiano gani na habari hii?

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua mahali palepale ambapo sigara huchubua, na vikikutana hatari hukua. Vidonge hivi huuzwa kila duka la dawa, mara nyingi bila swali, kwa maumivu ya mgongo na magoti ambayo watu wenye uzito mkubwa wanayajua vizuri. Aliyefanyiwa baipasi atumie parasetamoli na amwambie muuzaji sababu. Ikiwa unatumia aspirini ya moyo kwa maelekezo ya daktari, usiiache mwenyewe; muulize.

20. Na pombe?

Baada ya baipasi, na kwa kiasi fulani baada ya slivu, pombe hupanda kichwani haraka na kwa kiwango kikubwa kuliko zamani. Kwa aliyeacha sigara, bia moja ndiyo mlango unaofunguka mara nyingi zaidi. Mwaka wa kwanza ni bora kukaa mbali na vyote viwili.

## Hali za pekee

21. Ninakwenda India au Uturuki, na wakala ameniambia kule hawapimi sigara. Kuna haja ya kuacha?

Kutopimwa hakubadilishi namna kidonda kinavyopona. Fikiria pia kwamba mtu hurudi nyumbani siku chache baada ya upasuaji, baada ya safari ndefu ya ndege ambayo yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda, na tatizo likijitokeza litamkuta Mwanza au Mombasa, mbali na mpasuaji wake. Acha kwa muda uleule wa swali la 3, rudi na ripoti kamili ya upasuaji, na kabla ya kuondoka tafuta daktari wa hapa atakayekubali kukufuatilia.

22. Mimi nawekewa puto tumboni, sikatwi. Masharti ni yaleyale?

Puto, ambalo huwekwa kwa kamera ya kupitishwa mdomoni na ambalo Hospitali ya Taifa Muhimbili huliweka katika tawi lake la Mloganzila, halina mstari wa pini wala kiungo, hivyo hatari ya kuvuja haipo kwa namna ile. Lakini puto hulisugua tumbo kwa miezi, na sigara juu ya msuguo huo huongeza uwezekano wa vidonda na kiungulia. Masharti huwa mepesi kidogo, ila ushauri ni uleule.

23. Nina kisukari, au natumia dawa za akili au za pumu. Kuacha kutaathiri dozi?

Kunaweza. Lile jambo la ini lililoelezwa kuhusu kahawa katika swali la 11 hugusa pia dawa kama klozapini, olanzapini na theofilini au aminofilini: ukiacha kuvuta, kiwango chake kwenye damu hupanda bila dozi kubadilika. Daktari aliyekuandikia ajulishwe kabla ya siku ya kuacha. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki hizo, na zaidi tena mlo wa majimaji unapoanza.

24. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango na ninavuta. Niseme?

Ndiyo, hasa kama una zaidi ya miaka 35. Vidonge vyenye estrojeni, sigara na upasuaji, kila kimoja huongeza hatari ya damu kuganda. Usiviache bila njia nyingine ya kupanga uzazi, kwa kuwa mimba haishauriwi katika miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka uzito unaposhuka.

25. Nimejaribu kuacha mara tano na nimeshindwa. Kuna maana ya kujaribu ya sita?

Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla yake. Kinachofaa ni kujua ya tano iliangukia wapi. Chukua karatasi, na kwa siku tatu kabla ya kuacha andika kila sigara: saa ngapi, uko na nani, umekula nini. Karatasi nyingi zina sigara mbili au tatu tu ambazo ni ngumu kweli, kwa kawaida ya kwanza asubuhi na ile ya baada ya mlo wa usiku. Nyingine ni mazoea ya mkono. Hizo mbili tatu ndizo zinazohitaji dawa ya swali la 8 au la 9. Nchini Kenya, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, yaani 1192, hupokea pia wanaotaka ushauri wa kuacha tumbaku. Siku ya kliniki njoo na karatasi hiyo, hata kama imejaa.